Hafi, Haponi, Hafundishi Mtu

Machi 2, Jumatatu

Mvua imeanza na kazi imesimama. Chumba chetu cha kurekodia kina trei za mayai ukutani, blanketi mbili mlangoni na zulia kuukuu chini, ila paa ni la bati, na bati halina siri. Likidondokewa na tone moja tu, Masikio, fundi wetu wa sauti, ananiinulia mkono kutoka upande wa pili wa kioo, nami nafunga mdomo katikati ya sentensi. Kazi yangu ni kusoma vitabu kwa sauti ili wengine wavisikilize. Msimu wa mvua kazi yangu ni kukaa. Basi naandika, maana kalamu haina kelele.

Jana jioni mdogo wangu aliniomba kitu. Si kawaida yake kuomba. Ana miaka thelathini na moja, ana usonji, anapiga pasi kwa dobi mtaa wa nyuma, na tunaishi pamoja tangu mama alipofariki. Akiwa kazini anavaa hedifoni na kunisikiliza mimi. Kila kitabu nilichowahi kusoma amekisikiliza, hata kile cha ufugaji wa nyuki, ambacho hata mwandishi wake sidhani kama alikimaliza.

"Dada," alisema, "nitafutie hadithi yenye mtu kama mimi."

"Kama wewe vipi?"

Akanyamaza kwanza, ndivyo alivyo, kisha akajibu: "Mwenye usonji. Lakini asife mwishoni. Asipone. Na asimfundishe mtu kitu."

Nikamwambia hilo ni dogo, wiki haiishi atakuwa nayo. Mdomo huu utaniponza.

Machi 5

Mvua. Hatukusoma hata ukurasa mmoja.

Machi 7, Jumamosi

Nimekwenda maktaba ya mjini. Mkutubi ni mwanamke ambaye hainui macho mpaka umalize kueleza shida yako. Nilipomaliza akayainua, akacheka bila sauti.

"Mpenzi, hao kwenye vitabu wana kazi tatu tu," akasema. "Kufa, kuhesabu, na kumliza mama yao. Ukimpata mwenye kazi ya nne, uniletee na mimi nimsome."

Hata hivyo sikutaka kurudi mikono mitupu. Akanipa vitatu, kila kimoja na kazi yake.

Machi 12

Kitabu cha kwanza kimekwisha. Namsomea mezani baada ya chakula, yeye anapiga pasi nguo zetu. Hadithi ni ya kijana mpole asiyesema sana, ndugu zake wamegombana kwa sababu ya shamba. Mwishoni anasombwa na mto, na ndugu wanapatana juu ya kaburi lake.

Mdogo wangu alisimamisha pasi. Hilo analifanya kabla ya jambo lolote. Simu ilie, mtu abishe hodi, nyumba itake kuungua, yeye kwanza atasimamisha pasi.

"Walikuwa hawawezi kupatana bila yeye kufa?"

"Inaonekana hawakuweza."

"Basi kosa ni lao," akasema, akaendelea na shuka.

Machi 16

Cha pili. Mtoto anaangalia kundi la ng'ombe mara moja na kutaja idadi yao, wakubwa kwa wadogo. Polisi wanamtumia kukamata wezi. Mdogo wangu alivumilia mpaka sura ya nne.

"Mimi hesabu nilikuwa napata sufuri," akasema. "Huyu mrudishe kwao."

Machi 21

Cha tatu. Mama analia sura kumi na mbili, na katika ya kumi na tatu mtoto, ambaye hakuwahi kutaka kuguswa, anamrukia shingoni na kumwita mama. Nilikuwa natafuta leso nilipomsikia mdogo wangu.

"Alikuwa hataki kukumbatiwa," akasema. "Alisema tangu mwanzo. Sasa kakumbatiwa na wote wanafurahi."

Nikairudisha leso mfukoni.

Machi 27

Mvua asubuhi, mvua mchana. Ilipokatika kidogo tukaingia haraka, na Masikio akanisimamisha tena. Safari hii haikuwa bati.

"Dada, nenda kale kwanza. Tumbo lako nalo linasoma kurasa zake."

Aprili 1

Bosi ameleta kazi mpya. Bosi wetu anajiita mkurugenzi. Ni mkurugenzi wa watu wawili, mimi na Masikio, na umeme ukikatika anakuwa mkurugenzi wa mshumaa. Ametupa mezani riwaya iliyochapwa kwenye karatasi, haijatoka bado, na sauti yake inatakiwa mwisho wa Mei bila kukosa.

Ukurasa wa pili unasema mhusika mkuu ana usonji. Ni mwanamke, anauza kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, anabishana na kaka yake kwa sababu anataka kuhama nyumbani akapange chumba chake. Nikafunua ukurasa wa mwisho nikiwa bado nimesimama. Yuko hai. Anagombana na mwenye nyumba kuhusu dirisha lisilofunga. Hakuna anayelia.

Nimekisoma chote leo, sikupika. Mdogo wangu alikula mkate akaniuliza kama naumwa. Sijamwambia kitu. Nataka akisikie kwanza kwa sauti yangu, kikiwa tayari. Nimefurahi kama mtoto.

Aprili 7

Tumeanza. Mstari wa kwanza wa yule mwanamke niliusoma, na Bosi, ambaye huwa haingii humu, akafungua mlango.

"Hapana, hapana. Huyu ana usonji. Msikilizaji lazima asikie. Msome kama ile mashine ya benki: tafadhali ingiza kadi yako."

Nikamwambia hakuna mtu anayeongea hivyo. Akaniambia mimi sijui soko. Tukavutana mpaka Masikio akajifanya anatafuta waya chini ya meza. Mwisho nikasema nitatafuta sauti nyingine, isiyo mashine na isiyo ya kawaida.

Niliipata mara moja, sijui ilitoka wapi. Kimya kifupi kabla ya kujibu, kisha maneno yanatoka polepole, na la mwisho linawekwa chini taratibu kama kikombe kilichojaa. Bosi akapiga makofi. "Hapo sasa! Hiyo ina utu!"

Kitabuni kuna kikao cha posa ya kaka wa yule mwanamke. Mjomba anahutubia, anahutubia, chakula kinapoa. Mwishowe anauliza, "Jamani, nimewachosha?" Watu wote wanaguna kwa adabu, na yule mwanamke anasema, "Bado kidogo." Kisha anainama chini ya meza kutafuta kiatu ambacho hakikupotea. Niliisoma kwa ile sauti mpya, polepole, na Bosi akatikisa kichwa kwa huruma.

"Masikini, haelewi kwamba si swali la kujibiwa," akasema. "Na hicho kiatu, ndiyo mambo yao hayo."

Nikaitikia.

Aprili 10

Tumepata asubuhi tatu kavu, sura sita zimekwisha. Leo Masikio alivua hedifoni, akakaa nazo mapajani.

"Dada, hiyo sauti naifahamu."

"Sauti ni sauti tu."

"Sawa," akasema. Mdogo wangu huwa ananiletea mwavuli kazini. Sikulifuatilia jambo hilo.

Aprili 14

Mvua.

Aprili 15

Mvua.

Aprili 18, Jumamosi

Ngoja niandike lilivyotokea, bila kuliremba.

Mchana nilirudi na zile sura sita. Nikamwambia mdogo wangu kwamba nimempata mtu wake: hafi, haponi, hafundishi mtu. Akaniangalia, jambo ambalo halifanyi ovyo, na akasogeza meza ya pasi karibu na spika. Nikakaa kwenye kochi nikakunja miguu. Nilikuwa nangojea kuona uso wake.

Mwanzo ni dukani, mteja anaulizia misumari bila kujua ya inchi ngapi. Alitabasamu. Kisha yule mwanamke akajibu, kwa sauti ile.

Mdogo wangu akasimamisha pasi.

Akangoja mpaka yule mwanamke alipojibu mara ya pili. Kisha akazima spika.

"Huyo ni mimi."

"Ni mtu wa kitabuni. Ni muuza..."

"Hapana. Hivyo ndivyo ninavyoongea. Unanyamaza ninavyonyamaza. Umenichukua."

Nikamwambia nilidhani atafurahi. Nikamwambia kwamba Bosi alitaka sauti ya mashine na mimi nikakataa, nimemtetea. Nikamwambia ile ni sauti ya mtu ninayempenda kuliko wote, sasa ningeitoa wapi nyingine? Niliongea sana. Yeye alikuwa analikunja shati, mkono mmoja, mkono wa pili, kola.

"Shuleni walikuwa wananiigiza," akasema. "Walikuwa wananyamaza kwanza, halafu wanaongea hivyo, halafu wanacheka. Wewe ulikuwa unawafukuza kwa mawe."

"Nakumbuka."

"Sasa wewe unafanya kwa watu wote wanaosikiliza vitabu."

Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Yeye hajui kubamiza mlango, na leo ningependa angebamiza.

Nimeona aibu. Najua kusoma sauti za wazee, za watoto, za mbwa ikibidi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini huyu mmoja peke yake alihitaji kutengenezewa sauti. Bosi alitaka mashine. Mimi nilikwenda kumwibia mtu wa nyumbani kwangu, nikapigiwa makofi.

Aprili 19

Hedifoni ameziacha kwenye msumari wa mlango.

Aprili 20

Bado ziko kwenye msumari. Anapiga pasi kimya, na kule dobi kuna mashine zinazonguruma kutwa. Hizo hedifoni ndizo zilizokuwa zikimfichia kelele.

Aprili 22

Mwenye dobi amenisimamisha njiani, eti mdogo wangu amekaa stoo saa nzima akiwa ameziba masikio. "Mmegombana?" Nikamwambia nimemkosea. Akasema, "Basi mwombe radhi, mama, mimi nina mashuka ya hoteli pale." Mvua ikatunyeshea wote wawili.

Aprili 24

Nimemwomba radhi. Safari hii bila maelezo, maana maelezo yangu yote yalikuwa yananitetea mimi.

Akasimamisha pasi. Akauliza, "Mjomba wake ulimsomaje?"

"Kawaida."

"Kaka yake?"

"Kawaida tu."

"Mwenye nyumba?"

"Kawaida."

"Basi na yeye msome kawaida. Yeye ndiye mwenye hadithi."

Nikamuuliza kama nikirudia kusoma hivyo, atasikiliza. Akasema atajuaje kabla hajasikia? Swali langu lilikuwa la kijinga.

Aprili 27, Jumatatu

Nimemwambia Bosi nataka kurudia sura zote sita. Alicheka, alipoona sicheki akaacha.

"Mei hiyo mlangoni, mvua hii unaiona, na wewe unataka kurudi nyuma? Halafu ukimsoma kama mtu yeyote, msikilizaji atajuaje kwamba ana usonji?"

"Mwandishi ameshasema, ukurasa wa pili."

"Watu hawashiki ukurasa wa pili!"

"Basi watashika wa tatu. Ameandika vizuri, Bosi. Mimi nilikuwa naandika upya juu ya maandishi yake."

Alizunguka chumba, ambacho kinazungukwa kwa hatua chache. Akasema hapendi, haoni maana, lakini hataki kugombana na msomaji wake wa pekee. Turudie. Ila mwisho wa Mei haungoji mtu: sura yoyote ambayo mvua itatuzuia kuirudia, itatoka vile vile ilivyo, na sauti ile ile.

Kwa hiyo sasa ni mimi na mawingu.

Mei 1

Mvua.

Mei 4

Mvua. Masikio ametandaza magunia matupu na godoro la nyumbani kwake juu ya bati. Tukasikiliza. Zamani ilisikika kama watu wanakaanga, sasa inasikika kama watu wanakaanga nyumba ya pili. Haitoshi.

Mei 6

Jua! Tumerudia sura ya kwanza mpaka ya tatu. Mwanzo ilikuwa kazi ngumu, kimya kile kilinijia chenyewe mdomoni na kila mara nikaanza upya. Kumsoma kwa sauti yangu mwenyewe kulinifanya nimsikie anachosema badala ya anavyosema.

Tukafika kwenye kikao cha posa. Mjomba akahutubia, chakula kikapoa. "Jamani, nimewachosha?" Nikasoma kama ambavyo mtu yeyote mwenye njaa angesema:

"Bado kidogo."

Kikasikika kishindo. Masikio alikuwa ameangusha kichwa mezani, mabega yanatikisika. Akaniinulia mkono kwamba tusimame, akashindwa kuushusha. Na mimi nikapasuka kucheka, machozi yakanitoka, tukapoteza dakika za jua tukicheka kila mmoja upande wake wa kioo.

Alikuwa anatania! Ndiyo maana aliinama kutafuta kiatu kisichopotea: alikuwa anauficha uso wake asionekane anacheka. Limeandikwa pale pale, jeusi kwenye jeupe. Nimelisoma nyumbani, nimelisoma kwenye maikrofoni, Bosi amelisikia, na sote tukamhurumia mtu aliyekuwa anamcheka mjomba wake.

Mei 9

Mvua. Nimepitia upya karatasi zote nikiwa nimekaa bure. Yule mwanamke anatania karibu kila sura. Kuna sehemu anamwambia mteja kwamba nyundo haina maelekezo ya matumizi kwa sababu mtengenezaji alikuwa na imani na watu. Niliwahi kuisoma hiyo kwa huzuni.

Mei 12

Mvua.

Mei 13

Mvua. Bosi amechungulia, ameangalia dari, ameondoka.

Mei 15

Jua la nusu siku. Sura ya nne na ya tano. Bado ya sita, na zote za mwisho ambazo hatukuwa tumezigusa. Nyumbani mdogo wangu ananijibu, anakula nilichopika, ila hedifoni bado ziko kwenye msumari. Nimejifunza kutozitazama ninapopita.

Mei 19

Asubuhi na jioni, mvua ilikaa pembeni. Ya sita tumeimaliza. Ile sauti haipo tena popote. Masikio ameifuta mbele yangu na akanionyesha kwamba imefutika. Nikamwambia, "Wewe uliniambia mapema." Akasema, "Nilikwambia nusu." Haya, tugawane kosa.

Mei 26

Wiki nzima tumeiba saa kavu moja moja, tumebakiza sura moja, na mbingu zimefunga. Bosi ameanza kuongea na mwenye riwaya kwa simu, sauti ya chini.

Mei 28

Tumemaliza. Tuliingia wakati wa mapumziko ya mvua, nikasoma bila kunywa maji. Ukurasa wa mwisho, yule mwanamke yuko kwenye chumba chake, anasukuma dirisha lisilofunga, mwenye nyumba anaapa kwamba linafunga. Tone la kwanza likapiga godoro. Nikamtazama Masikio. Mkono wake ulianza kuinuka, akaurudisha, akanizungushia kidole: endelea. Nikamaliza. Ukitega sikio, kwenye aya ya mwisho utaisikia mvua kwa mbali.

Bosi alisikiliza kikao cha posa amesimama. Hakucheka. Akasema, "Sasa anaonekana mjeuri." Masikio akamwambia, "Ndiyo, Bosi." Bosi akafikiri. "Basi iwe hivyo," akasema, akaenda kuipeleka.

Mei 29

Nimeweka kitabu kwenye simu ya mdogo wangu baada ya kumwomba anipe simu. Nikamwambia kipo, sauti ni yangu, si lazima. Akasema, "Nitaona."

Mei 31

Hedifoni ziko kwenye msumari.

Juni 2

Nimepita hapo mlangoni asubuhi nikaona msumari mtupu. Nimeunguza chai.

Juni 3, Jumatano

Mwenye dobi amenipigia simu nikiwa kazini. Alikuwa anafoka kiasi kwamba nilisikia nusu: shati, mteja, mgongoni, njoo mwenyewe uone. Nikachukua mwavuli, nikatoka mbio, ingawa jua lilikuwa limewaka na mvua yenyewe imeshaaga.

Nilimkuta mwenye dobi ameinua shati jeupe kama ushahidi. Katikati ya mgongo kuna alama ya pasi, kahawia, nzima, mpaka ncha yake.

"Miaka yote hii hajawahi!" akasema. "Hata mara moja! Namuuliza kulikoni, hanijibu, anacheka tu!"

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya meza, hedifoni moja sikioni na nyingine inaning'inia, anajifuta macho kwa kiganja. Mabega yalikuwa bado yanacheza. Pasi ilikuwa imesimama sasa, imechelewa. Nikasogea, si karibu sana.

"Mjomba wake," akasema, akashindwa, akaanza tena. "Mjomba wake anaongea sana."

"Anaongea mno."

"Nimerudisha nyuma mara nyingi. Halafu nikasahau pasi."

Nikamwambia mwenye dobi shati ni juu yangu. Akasema ni juu yangu kweli, na akatuachia, kwa sababu hata yeye alikuwa ameanza kutabasamu bila kujua anatabasamia nini.

Mdogo wangu akalikunja lile shati lililoungua, mkono mmoja, mkono wa pili, kola, akanikabidhi kama nguo nyingine yoyote. Akanyamaza kidogo.

"Kikiisha hiki, nitafutie kingine," akasema. "Nimekuchosha?"

"Bado kidogo."

Akaniangalia. Kisha akainama chini ya meza ya pasi kutafuta kiatu, na viatu vyote viwili alikuwa navyo miguuni.